Mwenzangu, naona niache pikipiki

Mwenzangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote, na pole na kazi. Mume wangu, shemeji yako, anaendelea vizuri tangu ile ajali ya pikipiki. Magongo mawili yamebaki moja, ingawa ngazi bado zinamtoa jasho. Anakushukuru sana kwa kuja kwako hospitali siku zile za mwanzo. Nyuso za wengi waliokuja hazikumbuki, ila sauti yako anaikumbuka.

Uliniuliza kwenye simu kama nitarudi barabarani, nami nikakujibu kwa mkato kwa kuwa alikuwa ameketi pembeni yangu. Sasa nakujibu kwa kirefu. Wewe ndiye uliyenifundisha kuachia klachi bila kuzima injini, kwa hiyo naona una haki ya kujua kabla ya wengine.

Ajali yenyewe unaifahamu. Shemeji yako alikuwa upande wake, taa ya mbele inawaka, mwendo wa kawaida. Gari lililokuwa likija kwa mbele likakata kona pale njia panda, likamkatiza. Dereva alisema hakuiona pikipiki, nami namwamini. Afadhali ningekuwa simwamini. Shemeji yako angekuwa anakimbiza, au anatanua, ningejiambia kwamba mimi sifanyi hivyo, nikapanda yangu nikaenda zangu.

Usiku wa kuuguza ni mrefu, basi nikaanza kusoma. Mwaka 1981 kule Marekani ilitoka ripoti ya mtafiti Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California. Yeye na wenzake walichunguza ajali 900 za pikipiki za eneo la Los Angeles, moja baada ya nyingine, wakienda mpaka mahali pa tukio. Takriban robo tatu zilikuwa za pikipiki kugongana na chombo kingine, na katika theluthi mbili ya hizo mwenye kosa alikuwa dereva wa chombo hicho kingine, aliyeingilia njia ya pikipiki. Pahali pake hasa ni njia panda. Miaka imepita na pikipiki zimebadilika, lakini nilivyokuwa nasoma niliona kama wamemwandika shemeji yako.

Tena kuna sababu. Pikipiki ni nyembamba. Ikija kwa mbele huonekana ndogo, na jicho hukidhania kitu kidogo kuwa kiko mbali na kinakuja taratibu. Dereva anatazama, anaona nafasi ipo, anakata. Na wewe ukiwa katika kilometa 60 kwa saa unamaliza karibu mita 17 kila sekunde. Ukishtuka sekunde moja tu, kabla vidole havijabana breki, mita hizo zimekwisha. Aliyeshuhudia alisema pikipiki ilikuwa imepungua mwendo sana kabla ya kugonga, wala haikuyumba. Yaani alibana breki ya mbele vile vile tulivyokuwa tukijizoeza. Nafasi ndiyo haikuwepo.

Wanaokuja kutupa pole wanasema ajali haina kinga. Mimi kinga nimeishika kwa mikono yangu. Vitu vyake walinirudishia kwenye mfuko, na helmeti ilikuwa juu. Upande wa kidevu imekwanguka mpaka rangi imeisha, nyuzi za ndani zinaonekana, na lile povu gumu la ndani lina ufa unaoingia ukucha. Pale palipokwanguka pangekuwa taya lake. Shirika la Afya Duniani linasema helmeti ikivaliwa ipasavyo hupunguza uwezekano wa kufa katika ajali kwa zaidi ya mara 6, na wa kuumia ubongo kwa hadi asilimia 74, nami sihitaji tena kushawishiwa. Koti lake lilikatwa kwa mkasi pale mapokezi, lakini viwiko vilivyokuwa ndani havikuwa na hata mchubuko. Kwa hiyo usidhani nasema vifaa ni bure. Vifaa ndivyo vilivyonirudishia mume. Paja tu havikuweza.

Wamemtia fimbo ya chuma ndani ya mfupa wa paja, kuanzia kwenye nyonga mpaka karibu na goti, na skrubu juu na chini. Mfupa unashika polepole, na daktari ameridhika nao. Goti ndilo linalogoma. Kila asubuhi analala chali, natia taulo chini ya kisigino, naye anakivuta kisigino kuelekea kwake kidogo kidogo huku ameuma meno. Mtoto wetu anasimama mlangoni anahesabu kwa sauti, maana baba yake amempa kazi hiyo. Akiona uso wa baba yake umekunjamana, anaharakisha kuhesabu ili yaishe.

Hapo mlangoni ndipo nilipolipata jibu, mwenzangu. Barabara haikuongezeka hatari siku ile. Ni ile ile tuliyopita miaka yote, na uendeshaji wangu ni ule ule. Kilichoongezeka ni hasara nikianguka mimi. Zamani akianguka mmoja, mwingine yupo. Leo mimi ndiye ninayemwinua kitandani, ninayeogesha mtoto na kuleta mshahara. Nikivunjika mimi, taulo ataweka nani?

Sikukimbilia kuamua. Nilifikiria kununua yenye breki za ABS, na kweli zinasaidia: mtu akibana kwa hofu kwenye lami iliyolowa, gurudumu halifungi. Lakini hazimzuii mwenye gari kukukatiza. Kuendesha mchana tu? Yeye aligongwa mchana kweupe. Kwenda kwenye viwanja vya mazoezi kusiko na magari kulinivuta kidogo, ila unanijua. Sikuipenda pikipiki kwa kuzunguka pahali pamoja. Niliipenda kwa kwenda, kwa ile harufu ya mvua unayoipata kabla hujaifikia, na vile kichwa kinavyotulia ukishaingia gia ya juu na mbele yako barabara iko wazi. Naumia, sikufichi. Kuna asubuhi nakwenda kuigusa tu.

Shemeji yako hataki niache. Anasema nikiacha atakuwa amevunjika yeye na kunivunja na mimi. Tulizozana hasa, mpaka mama mkwe akatoka nje. Mwishowe nikamwambia kwamba hata angeteleza bafuni, mguu ukawa huu huu, ningeamua hivi hivi. Akaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli. Tangu siku hiyo hajaligusa tena jambo hilo, na juzi ameniuliza mwenyewe itauzwaje.

Ndiyo, naiuza. Labda mtoto akikua na mguu huu ukarudi kubeba mizigo, nitafikiri upya, sijaapa. Lakini siwezi kuiweka chini ya turubai hapo nje, maana kila asubuhi ya jua itakuwa kesi mpya kati yangu na nafsi yangu.

Wewe sikuambii uache. Hali yako si yangu, na unaendesha vizuri kuliko sisi wawili. Nakuomba tu hiyo helmeti uliyoanguka nayo uibadilishe, hata kama kwa nje inaonekana nzima, kwa sababu lile povu likishabonyea limeshamaliza kazi yake na huwezi kuliona. Na kwenye njia panda, gari la mbele likionyesha linataka kukata, punguza mafuta mapema, vidole viwe tayari juu ya breki, na macho yako yawe kwenye gurudumu lake la mbele. Gurudumu husema kabla dereva hajaonyesha lolote. Ukiweza, sogea kidogo pembeni ndani ya njia yako ili jicho lake likunase.

Sasa la kuuza. Ningependa uichukue wewe, au unitafutie mtu unayemjua. Oili nimebadilisha, cheni nimeisafisha na kuipaka mafuta, tairi la nyuma bado lina maisha, na hati zote ninazo. Bei tutaelewana, kwako sitakaza. Nijibu kabla mwezi haujaisha, maana kuna kijana anaiulizia kila siku. Ana hela mkononi, lakini alipokuja kuijaribu aliiwasha ikiwa ya baridi akaanza kuipigisha resi hapo hapo, na sitaki iende kwake.

Wako akupendaye,
Mwenzako