Shoga yangu, kabla hujaandika barua ya kuacha kazi

Morogoro,
Jumapili usiku

Mpendwa Mwanaidi,

Huku hatujambo, ila mvua imetushika na umeme unakuja na kuondoka.

Ujumbe wako nimeusoma mara 2. Eti vikao vya madiwani vimekukausha, na hadithi yako ya majini wa bandarini haisogei, kwa hiyo unaacha gazeti ukae nyumbani uandike. Sikukatazi. Ila ngoja nikupe habari za Terry Pratchett, yule mwandishi Mwingereza niliyekuazima kitabu chake ukakirudisha na doa la chai.

Bwana yule aliacha shule mwaka 1965, ana miaka 17, akaingia Bucks Free Press, gazeti la eneo la kwao. Alisimulia mwenyewe kwamba siku ya kwanza kazini saa 3 hazikuisha kabla hajaona maiti. Kwenye gazeti hilohilo akawa anawaandikia watoto hadithi, anajiita Uncle Jim. Mwaka 1968 akaenda kumhoji mchapishaji mmoja, Peter Bander van Duren, na katika maongezi akachomekea kwamba naye ana muswada. Kitabu kikatoka 1971. Sasa niambie, angekuwa kajifungia chumbani, wangekutania wapi?

Baadaye alipita magazeti mengine, kisha mwaka 1980 akawa afisa habari wa bodi ya umeme, upande wa vinu vya nyuklia. Mwaka mmoja tu baada ya ajali ya kituo cha nyuklia cha Three Mile Island kule Marekani! Fikiria simu alizokuwa akipokea. Alikaa huko hadi 1987, na vitabu vya kwanza vya Discworld, zile riwaya zake za dunia ya kubuni, alivitoa akiwa bado mwajiriwa. Dunia ile ni bapa, imebebwa na tembo 4 juu ya mgongo wa kobe, sawa, lakini mjini mwake mna askari waliochoka, posta iliyooza na wakubwa wanaojikanyaga kwa maneno. Mambo hayo, shoga, huyaoni ukiwa kitandani. Unayaona kwenye vikao vya madiwani.

Kisa ninachokipenda ni hiki. Inasimuliwa kwamba enzi hizo za umeme, akirudi kazini, kila usiku anaandika maneno 400, basi. Usiku mmoja akamaliza kitabu kwa maneno 300. Mimi ningekwenda kulala, tena kwa maringo. Yeye akavuta karatasi nyingine, akaanza kitabu kipya, akatimiza 100 yaliyobaki.

Mwishoni alipatwa na Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaoiba kumbukumbu. Ilijulikana mwaka 2007, akiwa na miaka 59. Kupiga chapa kukamshinda, akawa anasema na maneno yanaandikwa. Alipofariki, Machi 2015, vitabu vya Discworld vilivyokwisha kutoka vilikuwa 40, na cha 41 kikatoka baadaye mwaka huohuo. Kazi ambazo hakuzimaliza aliagiza ziharibiwe, na mwaka 2017 diski ya kompyuta yake ikapitiwa na gari kuukuu la mvuke la kushindilia barabara, mbele za watu, huko Dorset. Nilicheka, kisha nikasikitika.

Wewe hata cha kushindilia huna. Kurasa 11 tangu mwezi wa 3!

Nitumie hizohizo 11, hata kwa picha za simu. Nikishazisoma ndipo tuzungumze habari ya kuacha kazi. Mama mpe shikamoo yangu.

Ni mimi,
Tatu