Shingo Yangu Haikuwa Chafu, Mama

Rotterdam, Novemba

Kwako mama mpendwa,

Shikamoo mama. Natumaini barua hii itakukuta mzima na mguu umepungua kuvimba. Mimi huku sijambo, namshukuru Mungu. Baridi imeshaingia na jua linazama saa kumi na moja jioni, kabla sijatoka kazini. Nimeamua kuandika kwa mkono kwa sababu kijana wa mama mdogo anasafiri Jumamosi, na kwa sababu niliyo nayo hayasemeki kwenye simu. Nikinyamaza kidogo tu unaanza kulia, na mimi nalia, mazungumzo yanaishia hapo. Mdogo wangu akusomee jioni mkiwa wawili uani, wapangaji wakishaingia ndani.

Ama baada ya salamu, nimezisikiliza sauti zako zote tatu kuhusu yule mwenye dawa. Nimeelewa. Anataka kutangaza dawa yake kwenye jalada la nyuma la toleo lijalo la jarida letu la afya ya wanawake, na ametoa laki nane taslimu. Mchapaji wa Gerezani naye anataka milioni moja na laki mbili kwa nakala 500, na hatuna hata nusu yake. Umesema, "Mwanangu, pesa ni pesa, muweke, mwenye kuamini atanunua na asiyeamini atafunua ukurasa." Mama, sitamweka. Nakuomba unisikilize mpaka mwisho, maana sababu yenyewe inaanzia kwetu Temeke, hapo hapo uani mlipokaa, mwaka 2003 nikiwa darasa la saba.

Unalikumbuka lile dodoki? Kila Jumapili jioni ulinikalisha kwenye kigoda, ndimu umeikata vipande viwili, magadi kidogo kwenye kisahani, ukanisugua shingo. Nyuma ya shingo nilikuwa mweusi kuliko mwili wangu wote, na ngozi yenyewe nene, ukiipapasa kama mahameli. Makwapani vivyo hivyo. Mwalimu wa zamu alinitoa mstarini kwa ajili ya uchafu, watoto wote wakiangalia, nikarudi nyumbani nimeinamisha kichwa. Wewe hukunichapa. Ulinisugua, ukawa unasema kwa upole kuwa mtoto wa kike anajulikana kwa shingo. Ngozi ilichubuka, ikapona, ikazidi kuwa nyeusi.

Shingo yangu haikuwa chafu, mama. Ile rangi ilitoka ndani. Mwili wangu ulikuwa unatengeneza insulini nyingi kupita kiasi, ile homoni inayoingiza sukari kwenye seli, kwa sababu seli zangu haziitikii vizuri inapobisha hodi. Ikizidi kwenye damu, ngozi ya shingoni na makwapani inanenepa na kuwa nyeusi. Ndimu haifiki huko. Nilifikisha miaka 29 ndipo nikakutana na daktari, huku ugenini, aliyeitazama shingo yangu akaona dalili. Nilitoka pale nikakaa kituo cha tramu, tramu nne zikapita sijapanda.

Sikulaumu hata chembe. Ungejuaje, na hakuna aliyekuambia? Ndiyo maana tunatoa jarida.

Nilipofika kidato cha pili hedhi ikawa inakuja ikitaka, mara baada ya miezi miwili, mara mitano. Ukasema ni chango. Bibi naye akasema ni chango. Tukaenda kwa yule mama wa Mbagala, nikanywa mizizi siku saba, nikaharisha, damu ikaja, tukashukuru. Kisha ikapotea miezi sita. Ndevu zikaota kidevuni nikawa nazinyoa alfajiri kabla hujaamka, na sidhani kama hili uliwahi kulijua. Hospitali moja nikaambiwa nikiolewa nitapona. Nyingine wakaniambia nipungue tu, wakaita mgonjwa mwingine.

Neno chango silidharau. Wazee wetu waliona kitu cha kweli, maumivu, hedhi isiyokwenda, mimba isiyoshika, wakakipa jina. Shida ni kwamba chini ya jina hilo moja yamelala mambo mengi: fibroidi (vivimbe vya kwenye kizazi), maambukizi ya mirija, endometriosisi (utando kama ule wa ndani ya kizazi kuota nje yake), na hii yangu ya homoni na ovari, inayoitwa kwa Kiingereza polycystic ovary syndrome, kwa kifupi PCOS. Kila moja lina njia yake. Mizizi ya siku saba haiwezi kuwa jibu la yote.

Sasa nisikilize kwa makini hapa, kwa sababu hapa ndipo ninapogombana na yule mwenye dawa. Kwa mwanamke wa kawaida, kila mwezi vijifuko kadhaa vyenye mayai vinaanza kukua kwenye ovari, zile nyumba mbili za mayai zilizo pembeni mwa kizazi, kimoja kinavipita vingine, kinapasuka, yai linatoka. Kwangu vinaanza vingi, vinafika nusu ya safari, vinasimama. Insulini ikizidi inazichochea ovari zitoe homoni za kiume kuliko inavyotakiwa (kila mwanamke anazo kidogo), na homoni hizo zinazidi kuvikwamisha. Mashine ya utrasaundi inavionyesha vimejipanga pembeni mwa ovari, milimita 2 hadi 9 kila kimoja. Anayepima anaandika neno linalofanana na uvimbe, binti anatoka na karatasi mkononi akiamini ana uvimbe. Si uvimbe, mama. Ni mayai yaliyokwama njiani. Hakuna cha kuyeyusha.

Sasa tazama karatasi ya yule bwana, mdogo wangu alinipigia picha. Anasema dawa yake "inasafisha kizazi na kuyeyusha uvimbe kwenye mayai kwa siku 21". Kizazi ni nyumba moja na ovari ni nyumba nyingine. Kizazi changu hakina uchafu wa kusafishwa. Kuna jambo moja la kizazi ambalo ni la kweli, na yeye halitaji: hedhi ikikosekana muda mrefu, utando wa ndani unazidi kuwa mnene, na miaka ikienda hivyo hatari ya saratani ya mji wa mimba inaongezeka. Ndiyo maana kila toleo tunarudia: miezi mitatu ikipita bila hedhi na huna mimba, usikae nayo, nenda hospitali, zipo dawa za kuileta. Mwanamke anayekunywa chupa ya siku 21, kisha nyingine, kisha nyingine, anapoteza mwaka. Nitawezaje kulibeba tangazo lake mgongoni mwa jarida ambalo kurasa za ndani zinasema hivyo?

Hali hii haikuanza jana. Mwaka 1935 huko Chicago madaktari wawili, Stein na Leventhal, waliandika habari za wanawake saba wenye dalili kama zangu, na tiba yao ilikuwa kukata kipande cha ovari. Na Mei 2003 wataalamu walikutana katika mji huu huu ninaokaa, wakakubaliana kwamba katika mambo matatu mwanamke akiwa na mawili, na magonjwa mengine yanayofanana yakiwa yameondolewa, basi ni PCOS: hedhi isiyo na mpangilio, homoni za kiume zilizozidi, na ovari zenye vijifuko vingi. Mpaka leo vigezo hivyo vinaitwa kwa jina la Rotterdam. Mwaka 2003, mama. Wao wanakubaliana hapa, mimi nimekaa kwenye kigoda Temeke. Kutoka hapa hadi pale elimu hii ilitembea miaka kumi na sita ikanikuta nimeshahama. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye hali hii duniani hawajui kuwa wanayo. Nikisoma hivyo huwa namwona msichana wa darasa la saba aliyetolewa mstarini.

Unauliza kwa nini tusiandike kwenye simu tu, karatasi ni gharama. Simu inashikwa na mume, na kaka, na mtoto. Karatasi inakunjwa, inaingia kwenye pochi au chini ya kanga. Wewe mwenyewe uliyahifadhi sandukuni majarida ya TAMWA, chama cha wanahabari wanawake kilichoanza 1987, ukanifundishia kusoma yakiwa yameshachakaa. Wasomaji wetu wanapokezana nakala moja saluni nzima. Mdogo wangu ameniambia kuna moja Tandika imesomwa mpaka pini zimetoka, mwenye saluni akaishona kwa uzi.

Yeye ndiye anayelibeba jarida, mimi nahariri tu. Anafuata prufu, zile nakala za kusahihisha, Gerezani, anabishana kuhusu rangi, anapakia maboksi kwenye bajaji, anakaa sebuleni kwako usiku akitia nakala kwenye bahasha za kaki zisizo na maandishi ya kuonyesha kilichomo, kwa sababu wasomaji wa mikoani waliomba hivyo. Alfajiri anawahi stendi ya Mbezi kuwapa makondakta wa mabasi ya Mwanza na Mbeya. Masika yaliyopita Jangwani ilipojaa maji alizunguka nusu ya mji na boksi mapajani. Naomba usimgombeze anapochelewa kuamka.

Kazi kubwa kuliko zote ni maneno. Tulibishana wiki mbili tuiiteje hali yenyewe, mwishowe tukaiacha PCOS kama ilivyo na kuieleza upya kila toleo, kwa kuwa kuna anayetufungua kwa mara ya kwanza. Neno mgumba tumelikataza lisiingie, hata kwenye barua za wasomaji tunaomba ruhusa ya kulibadilisha. Si kweli hata kidaktari: wengi wenye hali hii wanazaa, wengine wenyewe tu, wengine kwa kusaidiwa na dawa ya kupevusha mayai. Siku hizi ya kwanza kufikiriwa ni letrozoli, iliyotengenezwa kwa saratani ya matiti. Kiasi cha dawa cha kumeza hatuandiki kamwe. Msomaji mmoja alinunua vidonge dukani kwa kufuata alichokunywa shoga yake, akaumwa tumbo wiki nzima. Barua yake ninayo mezani.

Upande wa chakula napo tulijifunza. Toleo la kwanza nilijaza vyakula vya huku, msomaji akatuandikia kwa uchungu kwamba tumemwambia maskini apone kwa vitu vya dukani kwa matajiri. Alikuwa na haki. Mwongozo wa kimataifa wa 2023 unasema hakuna mlo mmoja uliothibitika kuushinda mwingine kwa hali hii. Sasa tunaandika dona, maharage, mchicha, dagaa, na kiasi cha ugali kwenye sahani. Mdogo wangu anavipika kwanza jikoni kwako, hilo unalijua kuliko mimi.

Kuhusu pesa, nimepiga hesabu. Jarida la pini kurasa zake lazima zigawanyike kwa nne, kwa hiyo tutatoka kurasa 32 kwenda 24, rangi ibaki kwenye jalada tu, ndani nyeusi na nyeupe. Hapo mchapaji atashuka. Nimeongeza zamu za Jumapili na nitatuma laki nne kwa simu tarehe mosi. Dada wa kikoba cha Mtoni wameahidi kulipia nakala 60 kabla hazijachapwa. Leseni ya Idara ya Habari tuliilipia mapema, haimo kwenye hesabu hii. Tutapungukiwa kidogo, mchapaji atatuvumilia kama alivyotuvumilia mara ile. Mwenye dawa arudishiwe pesa yake yote, kwa heshima, na mdogo wangu asiende peke yake. Aende na mjomba.

Jalada la nyuma sasa li wazi, na ninalo la kukuomba. Nataka liwe lako. Siyo jina wala picha yako. Useme tu ulichonifanyia na lile dodoki, na ulichokuwa unakiogopa kila Jumapili ulipokuwa unanisugua, maana najua kulikuwa na kitu unakiogopa na hujawahi kuniambia. Mama mwenye binti wa miaka kumi na mitatu hatanisikia mimi niliye Ulaya. Atakusikia wewe. Akimwona mwanawe shingo inakuwa nyeusi na haitakati, aache kusugua, ampeleke akapimwe sukari na aulizwe habari za hedhi yake. Mdogo wangu aandike kama unavyosema, asikurekebishe Kiswahili chako. Ukikataa, sitakasirika, tutaacha jalada jeupe na anwani yetu.

Kijana atakuletea soksi za kubana za mguu, vaa asubuhi kabla hujashuka kitandani. Za shangazi ni zile za bluu. Wasalimie wote hapo, na jirani wa mbele, mwambie nimepata salamu zake za msiba, nitampigia.

Na kama kile kigoda bado kipo, mdogo wangu akitoe uani asubuhi mapema mwanga ukiwa laini, aweke dodoki na ndimu juu yake, apige picha. Lisionekane jengo wala mtu.

Ni mimi mwanao akupendaye,
wa Rotterdam