Barua kwa shoga yangu aliyesusa klabu ya picha

Shoga yangu,

Salamu sikuletei, maana nazo hujibu. Simu waiacha ilie mpaka inyamaze yenyewe, na jumbe zangu zote zina tiki mbili za buluu. Basi nakuandikia hapa hadharani, nikijua atatokea mbeya mmoja wa Majengo akutumie kabla ya magharibi.

Wiki ya tatu hii huonekani klabu. Sababu twaijua sote: kumi na moja juu ya ishirini. Siku ya mashindano, nambari ya picha yako ya mzee wa kahawa iliposomwa na alama zake, ulitia kamera mkobani, ukafunga buibui, ukatoka. Hukungoja hata sambusa. Hapo ndipo nilipojua mambo ni makubwa.

Ukweli ni kwamba alama zile zilikuwa za haki. Picha uliipiga Ndia Kuu saa sita na nusu mchana, mwanzo wa Oktoba. Mombasa iko nyuzi nne tu kusini mwa Ikweta, na kila Oktoba na kila Machi jua la mchana hutusimama utosini. Nuru ikishuka wima namna ile, paji la uso huwa paa na macho hubaki gizani. Mzee wako ana mashimo mawili mahali pa macho. Dele lake, lile birika la kahawa, lameta, na ule mkono uliobeba vijikombe, wallahi, mtu husikia vikigongana. Lakini mwenyewe hayupo. Mwamuzi alisema, “Kahawa naiona, muuzaji simuoni.” Wewe ulimwona katili. Mimi nilimwona amefupisha tu.

Halafu lile dumu la manjano. Pembeni kulia, chini, nusu limekatwa na fremu. Ukutani mle hakuna rangi nyingine yenye kelele kama ile, kwa hivyo jicho likitoka kwenye dele hukimbilia dumuni, likakaa huko.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Dumu hilo mimi nililiona siku mbili kabla ya mashindano. Tulikuwa barazani kwenu twala mabuyu, ukanipa simu, ukaniuliza, “Waionaje?” Nikakujibu, “Mashallah.” Nililiona, shoga. Nililiona kabla sijamaliza kutema kokwa. Ungelikata kwa dakika moja, au ungerudi kwa mzee kesho yake. Nilinyamaza kwa sababu na mimi nilikuwa na picha kwenye kundi la rangi, na yako ilikuwa ikiishinda yangu hata na dumu lake. Klabu yetu yaficha majina, picha huitwa kwa nambari, mwamuzi hutafutwa mtu wa nje asiyetujua. Yote hayo ili pasiwe na hila. Hila yangu ilipita barazani, mdomo umejaa mabuyu.

Na nilichopata? Kumi na mbili. Alama moja juu yako. Wa kwanza, kama ulivyosikia baadaye, ni yule kijana wa Kisauni mwenye simu iliyopasuka kioo, na picha yake ya kanga zilizoanikwa baada ya mvua. Kumi na nane. Mimi na wewe tuna lenzi za kukopea pesa, yeye ana subira.

Ulimwambia dadako kwamba kupeana alama ni mambo ya Wazungu, picha ni ya moyo. Hebu ingia chumbani kwa bibi yako uitazame ile picha yake ya ujana ukutani. Kwa miongo mizima watu wa mji huu walikuwa wakivaa nguo mpya na saa ya mkono kwenda kupigwa picha studio, kwa kina N. V. Parekh na wenzake. Tazama kidevu kilivyoinuliwa kidogo, mikono ilivyolazwa, na nyuma pazia tupu. Hakuna dumu. Mtu alisimama nyuma ya kamera ile akachagua kila kitu kabla ya kubonyeza, na bibi yako angemrudishia picha yake mbele ya watu kama uso ungetoka mweusi.

Jumamosi iliyopita tulikwenda Bandari ya Kale alfajiri. Ulikosa, na sikuambii hivi kukutia wivu, ingawa nikikutia si vibaya. Jua lilichomoza upande wa Nyali likapiga ukuta wa Fort Jesus wa baharini, na yale matumbawe ya tangu 1593 yakawa rangi ya papai lililoiva. Nusu saa tu, ikaisha. Kwetu jua halipandi, laruka. Mmoja wetu alitaka mashua zilizokaa matopeni, akakuta maji yamejaa tele. Nilimwambia aulize wavuvi: bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hukupwa kwenye saa nne asubuhi, na saa hiyo nuru ishakuwa kali. Ama umpate mwezi, ama ulipate jua. Akanuna kama wewe.

Tukirudi tulipita Ndia Kuu, na mzee akanishika. “Mwenzio yu wapi? Aliniahidi picha.” Nikaona aibu mara mbili. Nikakaa nikanywa kahawa, kashata moja, nikatazama pale anapoweka kigari chake. Saa mbili na nusu asubuhi upande wake una kivuli, na ukuta wa mkabala, ule uliopakwa chokaa, washika jua wote na kumrudishia usoni. Taa ya bure, laini, na macho yake yote mawili yaonekana. Ni ya kijivu kidogo kandokando. Hukuwahi kuyaona wewe, na picha umempiga.

Mada ya mwezi ujao ni “Kazi”. Mwisho wa kuleta picha ni Ijumaa ya pili. Mimi kundi la rangi siingii; nimejiandikisha nyeusi na nyeupe, usije ukasema nakuvizia tena.

Jumamosi saa mbili nitakuwa pale kwa mzee, na kahawa yako ishalipwa. Dumu nishamwomba, atalitia ndani.