Bomba la risasi ling'olewe lote, si nusu

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo mijadala ya mabomba ya maji yaliyotengenezwa kwa risasi, yaani ile metali yenye sumu, hulipitia juu juu, nalo ni kwamba kung'oa nusu ya bomba kunaweza kuleta madhara kuliko kuliacha lilivyo. Mara nyingi kipande kinachotoka barabarani hadi mpakani mwa kiwanja huhesabiwa kuwa mali ya mamlaka ya maji, na kile kinachoingia ndani huachiwa mwenye nyumba. Basi mafundi hufika, wakalikata bomba palepale mpakani, wakaunga bomba jipya la shaba na kipande cha zamani cha risasi, wakafukia shimo na kwenda zao. Mtikisiko wa msumeno hubandua magamba yaliyojijenga ndani ya bomba kwa miongo mingi, na pale shaba inapogusana na risasi ndani ya maji, risasi huzidi kumomonyoka na kuingia majini. Matokeo yake ni kwamba maji ya nyumba hiyo yanaweza kuwa na risasi nyingi zaidi kwa wiki, hata miezi, baada ya matengenezo, wakati wakazi wanaamini wameshaokoka.

Risasi iliyoyeyuka majini haina rangi, harufu wala ladha, na kuchemsha hakuiondoi: maji hupungua kwa mvuke, risasi ikabaki yote sufuriani. Hilo huniuma kila nikimfikiria mama anayechemsha maji kwa uangalifu ili amkorogee mwanawe maziwa ya kopo, kwa kuwa mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima, nayo hudhuru ubongo ambao bado unajengeka. Nyingine hujificha mifupani, na mwanamke akipata mimba hata baada ya miaka mingi, risasi hiyo huweza kurudi kwenye damu na kumfikia mtoto tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara. Mikrogramu 10 kwa lita linazozitaja ni kipimo cha muda tu, kilichowekwa kwa kuzingatia uwezo wa kusafisha na kupima maji.

Wapo wanaosema yatosha kutia dawa ya fosfeti majini ili ijenge utando ndani ya bomba. Kwa kusubiria, sawa, lakini utando huo hutegemea dawa isikosekane wala maji yasibadilike. Mji wa Flint, jimboni Michigan nchini Marekani, ulihamia maji ya mto mwezi Aprili 2014 bila kutia dawa ya kuzuia kutu. Utando ukamomonyoka, na idadi ya watoto wenye risasi nyingi katika damu ikapanda.

Linalobaki ni gharama, na hapa ndipo wapangaji huumia, kwa sababu wanaokunywa maji hayo siyo wenye uamuzi wa kulipia bomba. Mji wa Newark, jimboni New Jersey huko huko Marekani, waliupata ufumbuzi: mwaka 2019 walitunga sheria ndogo iliyoruhusu mabomba yabadilishwe hata pale mwenye nyumba asipopatikana, bila kumtoza, na takriban mabomba 23,000 yakang'olewa katika muda usiofika miaka 3. Naamini njia hiyo ndiyo ya haki, kwani maji hayajui mpaka wa kiwanja.

Anayetaka kujua aina ya bomba lake aliangalie linapoingilia ukutani, alikwaruze taratibu kwa ufunguo, kisha anawe mikono. Risasi ni laini, hung'aa kama fedha palipokwaruzwa, na sumaku hainasi.

Ombi langu kwa mamlaka za maji ni kwamba zitangaze orodha ya nyumba zenye mabomba haya, na zisikate bomba lolote la risasi kabla hazijawa tayari kulitoa lote hadi ndani ya nyumba siku hiyohiyo. Pale ambapo bomba limeshakatwa nusu, wakazi waarifiwe leo na wapewe vichujio vinavyoondoa risasi hadi kipande kilichobaki kitakapotolewa.

Msomaji wako