Taarifa ya mwenyekiti ya mwaka: nailoni, baridi na nyanya zetu

Wazee wetu shikamooni, kina mama na vijana habari zenu. Ya kawaida nayapitisha haraka: ada zinaingia kwa kusuasua kama mnavyojijua wenyewe, wanachama wapya wapo, mahesabu mweka hazina atawasomea. Mimi leo nataka tuongee nailoni ya kufunikia grinihausi, yaani mabanda yetu ya mboga, maana Juni mpaka Agosti hapa Njombe ndo imetutesa wote.

Wengi bado wanaamini ukishajenga grinihausi baridi imekwisha. Mchana sawa, jua likiwaka humo ndani unavua koti. Usiku sasa, nailoni ya kawaida inaachia joto la ardhini lipande zake angani, kwahiyo ule usiku mkavu usio na mawingu wala upepo unakuta alfajiri ndani na nje karibu sawa, kuna siku ndani ndo baridi zaidi. Nyanya chini ya nyuzi 10 inasimama kukua, na kuanzia kama 13 kushuka chavua inakuwa dhaifu, maua yanapukutika halafu tunalaumu mbegu jamani.

Ipo nailoni imewekewa kemikali ya kuzuia joto lisitoroke usiku. Bei imechangamka, ila kwa nyanya na hoho naiunga mkono. Kwa kabichi, saladi na spinachi ni kutupa hela, hizo baridi zinaipenda. Kufunga tabaka mbili zenye hewa katikati kunapunguza upotevu wa joto kwa theluthi hivi, ila mwanga nao unapungua, na kwa ukungu wetu wa asubuhi huo mwanga wenyewe tunaugombania. Polikaboneti, zile karatasi za plastiki ngumu, ni nzuri, labda kwenye banda la miche tu, zaidi ya hapo mfuko haukubali.

Kuna wenzetu neti nyeusi ya kivuli iko juu mpaka mwezi wa saba! Ya nini? Toeni. Na vumbi la kiangazi lioshwe, nailoni chafu inakula mwanga bure. Wale wa nailoni ya ujenzi kisa rahisi, haina kinga ya jua, miezi michache inachanika, wakati ya grinihausi yenye unene wa maikroni 200 ukiitunza unakaa nayo miaka 3 na zaidi.

Halafu kufunga kutwa nzima eti kutunza joto, hapana. Unyevu unajaa, matone yanadondokea majani, ugonjwa wa ukungu unaingia, dawa unapiga mpaka unachoka. Shusha nailoni ya pembeni saa 10 jioni jua bado lipo, fungua asubuhi likishashika. Na wakati wa kufunika someni maandishi kwenye roli, zile za kuzuia matone zina upande wa ndani na wa nje, ukigeuza umepoteza hela.

Kamati inapendekeza tununue kwa pamoja mwaka huu, roli nzima bei inashuka. Anayetaka ajiandikishe kwa katibu na vipimo vya banda lake kabla ya mwisho wa Machi, tuwahi kubadilisha Aprili. Ambaye hajalipa ada hatuandiki jina, hilo tulishakubaliana.