Kuchua pekee hakuponyi bega la mwanatriathloni

Mhariri,

Makala yenu kuhusu maandalizi ya triathloni, yaani kuogelea, baiskeli na kukimbia kwa mfululizo, ilikuwa na mengi ya kufaa, hasa upande wa chakula na kukimbia. Ila ilipofika kwenye bega, msomaji aliambiwa apake dawa ya kuchua, apumzike wiki mbili, kisha arudi majini. Na picha iliyowekwa juu ya ushauri huo inamwonyesha mwogeleaji akiingiza mkono kwa kidole gumba, kiganja kikitazama nje. Hilo ni miongoni mwa makosa yanayoumiza bega lenyewe. Sisi ni walimu wa kuogelea na wataalamu wa fiziotherapia, na tunaomba nafasi ya kusahihisha.

Tuanze na hesabu. Mtu aliyejifunza kuogelea ukubwani hupiga mikono 20 au zaidi kumaliza bwawa la mita 25. Tuseme 20. Akifanya mita 2,000 mara tatu kwa wiki, kila bega limezunguka mara 2,400. Waogeleaji wa mashindano huzunguka mara nyingi kuliko hapo, nao huumia, lakini wao huumizwa na wingi wa kilomita. Mwanatriathloni wa kujifurahisha huumia kwa kilomita chache tu, kwa sababu anaogelea vibaya na mgongo wake wa juu umekakamaa kwa kiti cha ofisi na usukani wa baiskeli. Akipumzika wiki mbili, anarudi na mkono uleule na mgongo uleule.

Kinachouma kwa kawaida ni kano za misuli minne midogo inayoshikilia kichwa cha mfupa wa mkono kisiteleze kwenye kombe la bega. Kikombe kinachoupokea mfupa huo hakina kina, ni kama mpira uliowekwa juu ya kisahani, kwa hiyo kazi kubwa ya kuutuliza ni ya misuli. Ile ya juu, supraspinatasi, kano yake hupita chini ya kipaa cha mfupa, na mkono ukiinuliwa huku umesokotwa kwa ndani, hubanwa na kulemewa. Maumivu husikika pembeni mwa mkono, chini kidogo ya bega, mkono ukifika usawa wa bega, na usiku ukilalia upande huo. Ndiyo maana wengi huchua mahali pasipo na tatizo.

Sasa kwenye maji. Kidole gumba kikitangulia, mkono umekwisha kusokotwa kwa ndani kabla haujanyooshwa mbele. Itangulie ncha ya kidole cha kati, kiganja kitazame chini, kiwiko kiwe juu kuliko kiganja, na mkono uingie mbele ya bega lake wenyewe. Wengi huvuka mstari wa katikati bila kujua. Chukua uso wa saa ya ukutani, kichwa chako kikielekea namba 12: ukiambiwa uingize mikono kwenye 11 na 1, bado utavuka. Lenga 10 na 2. Utahisi umetanua kupita kiasi, lakini mtu aliyesimama ukingoni atakuambia uko sawa. Mpe simu akupige video kutoka mbele. Dakika moja ya video inatosha.

Kosa la pili, ambalo kwa watu wazima tunaliona kubwa kuliko hilo la kwanza, ni kuukandamiza mkono wa mbele ukiwa umenyooka wakati wa kuvuta pumzi. Mtu anainua kichwa badala ya kukigeuza, kiuno kinazama, na mkono unageuka mkongojo wa kumwinua. Uzito wote huo unaliangukia bega likiwa katika hali yake dhaifu kabisa. Dawa haiko begani, iko kwenye pumzi: toa hewa majini mfululizo, kisha geuza kichwa pamoja na kiwiliwili, kioo kimoja cha miwani kibaki majini. Anayepumulia upande mmoja tu, tuseme kulia, hubingirika vizuri kulia, lakini mkono wa kushoto anaurudisha kiwiliwili kikiwa bapa, na kuulazimisha uzungukie pembeni. Ajifunze kupumua pande zote mbili, angalau kwenye mazoezi. Zoezi jepesi la kubingirika ni kulala ubavu, mkono mmoja mbele, kupiga miguu mara sita, kisha mikono mitatu, kisha ubavu wa pili. Mita 200 za zoezi hilo mwanzoni mwa kila kipindi zinatosha.

Vifaa navyo vina lawama. Vibao vya viganja (vile vinavyovaliwa mikononi) vilivyo vipana kuliko kiganja chenyewe ni mzigo wa ziada kwa kano ileile, na bega likiuma viachwe kabisa. Kibao cha kupigia miguu kilichoshikwa mbele kwa mikono iliyonyooka huliweka bega katika mkao uleule linaoulalamikia, kwa hiyo piga miguu ukiwa chali au ubavu. Boya la kubana mapajani linainua kiuno na kumpa mtu nafuu, ila akilizoea sana, siku ya mashindano miguu itazama palepale.

Hapa pwani jambo hilo lina uzito wa pekee. Miongozo mingi ya mtandaoni imeandikwa kwa watu wanaoogelea na suti ya mpira, ambayo huwaelesha miguu. Katika Ironman, mashindano ya triathloni ya masafa marefu, ukivaa suti hiyo maji yakizidi nyuzi 24.5 hugombei tuzo, na bahari yetu huzidi hapo sehemu kubwa ya mwaka. Kuelea kwako ni kwa mwili wako. Tena mabwawa mengi ya hoteli ni mafupi, kila baada ya sekunde chache unasukuma ukuta na bega linapata nafasi ya kupumua. Anayejiandaa na Ironman 70.3, kama ile iliyofanyika Ziwa Kivu, Rubavu, Rwanda, mwaka 2022, atakutana na kilomita 1.9 zisizo na ukuta wowote. Na baharini wakati wa kusi, mita 1,000 dhidi ya mkondo zinaweza kula mikono mingi kuliko mita 1,500 za bwawani. Pimeni mazoezi ya baharini kwa dakika au kwa idadi ya mikono, achaneni na mita za saa.

Kuhusu baiskeli makala yenu ilikaa kimya, wakati nusu ya tatizo mara nyingi iko hapo. Baiskeli nyingi za mbio tunazonunua ni za mtumba kutoka Ulaya, na fremu zake zimekatwa kwa watu warefu. Mtu wa sentimita 165 juu ya fremu ya 58 ananyoosha mikono masaa manne, mabega yamepanda masikioni. Kubadili shingo ya usukani kutoka milimita 110 hadi 80 au 90 husaidia, ingawa fremu iliyopitiliza haiponi kwa shingo. Kwenye vishikio vya kulalia, mito ya viwiko ikiwa mbele mno, misuli ya bega ndiyo inayobeba kifua. Ivute nyuma mpaka pembe kati ya mkono wa juu na kiwiliwili ikaribie nyuzi 90, uzito ukae kwenye mifupa. Na msipange kuogelea kwa vibao vya viganja asubuhi inayofuata safari ndefu ya baiskeli. Mgongo wa juu ukiwa umekakamaa, mkono haufiki mbele bila bega kulipia.

Matibabu, basi. Kupumzika kabisa hakuhitajiki mara nyingi. Kipimo tunachotumia ni maumivu ya 0 hadi 10: yasipozidi 3 wakati wa zoezi na asubuhi yakawa yamerudi pale yalipokuwa, endelea. Yakizidi, punguza. Siku za mwanzo simama kando ya ukuta, kiwiko kimekunjwa na kugusa ubavu, sukuma ukuta kwa mgongo wa kiganja sekunde 30 hadi 45, mara tano, bila mkono kusogea. Baada ya wiki moja au mbili anza kuvuta mpira. Si lazima ununue: tyubu kuukuu ya baiskeli ya mbio, ikikatwa penye valvu na kufungwa kwenye nondo za dirisha, inafanya kazi hiyohiyo. Weka taulo iliyokunjwa kati ya kiwiko na ubavu, vuta mkono uende nje, rudi taratibu kwa kuhesabu hadi tatu. Mara 12 hadi 15, seti tatu, siku tatu kwa wiki. Ongeza kuvuta tyubu kwa mikono miwili kuelekea mbavuni huku makombe ya mabega yakikaribiana, na pushapu za ukutani ambazo mwishoni unasukuma zaidi mpaka mgongo wa juu ujibinue kidogo. Kano hubadilika polepole, mpeni mtu wiki 12 kabla ya kusema zoezi halifai. Wengi huacha wiki ya tatu, maumivu yanapopungua.

Majini rudi na mita 400: mita 25 mara 16, pumziko la sekunde 30 kila mara. Wiki isipoleta malalamiko, ongeza mita 200 kwenye kila kipindi cha wiki inayofuata.

Diklofenaki kabla ya mashindano, iwe kidonge au sindano, hatuikubali. Inaficha onyo la kano, na kwa masaa mengi ya jua na jasho inaongeza hatari kwa figo. Kuchua kunatuliza, sawa, lakini kunatuliza tu.

Wapo wasiopaswa kuanza na tyubu. Aliyeanguka na baiskeli akaona nundu kwenye ncha ya mtulinga, au asiyeweza kuinua mkono baada ya kuanguka, aende kupigwa eksirei, na asikubali mtu amvute mkono barabarani. Mwenye ganzi inayoshuka mpaka vidoleni apimwe shingo. Mwenye kisukari ambaye bega linazidi kukaza hata mtu mwingine akimzungushia mkono, huenda bega lake linaganda, na hilo lina tiba yake. Na maumivu ya bega la kushoto yanayokuja na kifua kubana, jasho au kukosa pumzi ni ya kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo.

Mkirudia makala ile, tafadhali badilisheni picha. Ipigwe kutoka mbele, ukingoni mwa bwawa, kiganja kikiingia mbele ya bega lake na kiwiko kikionekana juu ya maji.

Walimu wa kuogelea na wataalamu wa fiziotherapia,
Mombasa