Usiilipie bado, Sadiki

Mwanga, Kigoma
Jumapili usiku

Ndugu yangu Sadiki,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, mama mzima, na kule Ujiji wote wazima isipokuwa Baba Riziki. Mguu umemrudia tena, ila safari hii ametulia nyumbani kama alivyoambiwa. Najua nimekaa kimya tangu Ramadhani na una haki ya kununa. Hilo nitalifikia. Kwanza hili: usiilipie hiyo PS5 Pro, mashine ya gemu unayotaka kutununulia ya kibandani. Kama hela bado iko mfukoni, soma barua hii mpaka chini kabla hujarudi kwa huyo jamaa anayeiuza. Kama umeshatoa, nipigie usiku huu huu, hata saa nane.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, na Mwamini nimemsikilizisha. Ulivyokuwa unaongea kwa furaha nilikuona kabisa, umesimama pale Kariakoo na boksi mikononi. Ningekujibu kwa sauti vilevile, ila nikianza kuongea naruka huku na huku, dakika zinakwisha sijalisema neno lenyewe. Na neno lenyewe ni CD.

Pro ni mashine nzuri, sibishani na wewe. Ilitoka Novemba 2024, ina nafasi ya TB 2, na picha yake imeipita ile ya kawaida. Lakini ndani ya boksi hakuna sehemu ya kuingizia CD. Hiyo inauzwa peke yake, na siku ya kwanza ukiipachika lazima mashine iingie intaneti ndipo itambuane nayo. Marekani walianza kuiuza dola 699.99, Agosti 2025 wakaipandisha hadi 749.99, na sehemu ya CD bado iko nje ya bei hiyo. Sasa hesabu CD zetu za PS4 pale kibandani tunapochezesha gemu. Ziko 11. PS5 yenye CD inazicheza karibu zote, unaingiza tu. Hiyo uliyoishika wewe haina pa kuziingiza. Siku tunayoifungua boksi, CD 11 zinageuka vioo vya kujitazamia.

Unaikumbuka CD yetu ya Winning Eleven, ile gemu ya mpira ya PS2? Ilitoka kwako ikaenda kwa Kashindi, kwa Kashindi ikashuka Kibirizi, pale ikapanda boti na mjomba wake mpaka Kalemie, ng'ambo ya ziwa kule Kongo, sisi tukaihesabu imekufa. Miezi mitatu baadaye ikarudi imefungwa kwenye kipande cha kanga, ina mkwaruzo mmoja pembeni. Tukaisugua na dawa ya meno kwenye baraza ya mama yako na ikacheza. Ligi yetu ilikuwa inatusubiri kwenye memori kadi ya MB 8. MB 8 tu, na majina yote ya mtaani tuliyowapa wachezaji yalikuwemo! Mwaka ule sikuwa na hela ya kununua gemu hata moja. Kila gemu niliyoijua, niliijua kwa sababu kuna mtu aliniazima.

Na kibanda kinaishi hivyo hivyo mpaka leo. Mtoto wa Bi Zuhura analeta CD zake mbili Ijumaa, anacheza saa moja bila kulipa, Jumatatu anazifuata. Yule jamaa wa Gungu tunabadilishana naye kila mwisho wa mwezi, yeye anapata mpya na sisi tunapata mpya, hakuna aliyetoa shilingi. Wakija hawa na CD zao mkononi nitawaambia nini?

Najua utasema tutashusha gemu kwa intaneti kama watu wa huko. Sadiki, wewe unakaa kwenye nyumba yenye Wi-Fi. Mimi juzi nilikuwa nashusha sasisho la gemu moja kwenye PS4, nikakesha kungoja bando la usiku, nimeweka simu dirishani ili ishike mtandao vizuri. Alfajiri bando likaisha na sasisho halijafika mwisho. Hilo ni sasisho tu. Gemu kubwa za sasa nyingine zinapita GB 100 nzima nzima. CD moja ya PS5 inaweza kubeba hadi GB 100, yaani sehemu kubwa ya mzigo huo inakuja kwa basi ndani ya begi la mtu. Masasisho yatakuwepo, lakini ni afadhali kuongeza chumvi kuliko kupika chungu kizima upya.

Sasa kimya changu. Nilikuwa naogopa kukuambia kwamba TV ya kibandani iliungua. Umeme ulikatika jioni, watoto wamejaa, ukarudi kwa nguvu na mimi sikuwa nimechomoa. Nilisikia mlio mmoja tu. PS4 ilipona kwa sababu ilikuwa kwenye kile kisanduku cha kulinda umeme, TV nilikuwa nimeichomeka ukutani moja kwa moja. Kosa ni langu. TV nyingine nimenunua kwa hela ya kutengeneza simu, mchango wetu sikuugusa, muulize Mwamini, yeye ndiye anashika daftari. Lakini tangu siku ile ninapofikiria mashine mpya, kitu cha kwanza ninachojiuliza ni kwamba umeme ukikatika itakuwaje. PS5 kwenye gemu nzito inakula kama wati 200, na TV juu yake. Ndiyo maana nikaanza kuzifuatilia hizi za mkononi, na nimezifuatilia sana, pengine kupita kiasi.

Mpwa wa Kashindi alishuka na treni mwezi uliopita akiwa na Steam Deck, ile yenye kioo cha OLED cha inchi 7.4. Akaniazima siku mbili. Siku mbili hizo sikulala vizuri. Ina gramu 640, ukiikamata unaona ni kitu kimejaa mkononi lakini hakichoshi. Betri yake ni ya wati-saa 50, wenyewe wanasema inakaa saa 3 hadi 12 kutegemea gemu. Mimi kwa gemu nzito niliona iko karibu na hiyo 3, kwa gemu ndogo nilicheza usiku mzima umeme haupo. Kilichonifurahisha kama fundi ni mgongo wake. Aliniruhusu nikaufungua kwa bisibisi zangu hizi hizi za simu, kila kitu kimepangwa mtu akifikie, vipuri vyake vinauzwa hadharani, hata stiki za pedi, na pa kuhifadhia gemu unabadilisha mwenyewe. Ingekuwa ni ya kwangu peke yangu ningekuomba hiyo, nisingeuliza bei mara mbili.

Lakini nilipotaka kumwachia Hamida acheze gemu moja mle, yule kijana akasema gemu zote zimo kwenye akaunti yake, akiondoka anaondoka nazo. Upo utaratibu wa kugawana gemu kifamilia, watu sita, ila umewekwa kwa watu wa nyumba moja. Sisi pale kibandani tu ni zaidi ya arobaini. Nikamrudishia mashine yake kwa shingo upande.

Nintendo Switch 2 ndiyo ilinichanganya kabisa. Ilitoka Juni 5, 2025, dola 449.99 kule Marekani. Kioo inchi 7.9, pedi zake mbili zinashikwa na sumaku ubavuni, unazibandua na watu wawili wanacheza, umeme ukiwepo unaipachika kwenye kitako chake picha inakwenda kwenye TV, umeme ukikatika unaichomoa mnaendelea. Na inatumia kadi! Kadi ya kushika mkononi, ya kuazimana. Nikamwambia Mwamini, hii hapa, imetengenezwa kwa ajili ya Kigoma. Betri wanasema saa 2 hadi 6 na nusu, hapo nilikuwa tayari kuvumilia.

Kisha nikasoma vizuri habari za kadi. Gemu za Nintendo wenyewe nyingi zimo ndani ya kadi. Lakini kampuni nyingine nyingi zinauza kadi ambayo ndani yake hamna gemu, kuna ufunguo tu. Unaiingiza, mashine inakuambia shusha gemu lote kwa intaneti, na kila ukitaka kucheza kadi lazima iwemo. Kuazima unaweza, ila unayemwazima naye anashusha upya kwa bando lake. Ni kama kumpa jirani sufuria ya wali, akifunua anakuta karatasi ya kumtuma dukani akanunue mchele. Na si kwamba haiwezekani kuweka gemu ndani, maana Cyberpunk 2077 imewekwa yote kwenye kadi ya GB 64. Wakitaka wanaweza, wameamua tu. Hilo limeniuma. Zile gemu za kushusha wameweka utaratibu wa kuzikopesha siku 14, lakini ni kwa walio kwenye kundi lako la familia. Kashindi hangekuwemo. Mjomba wake na boti yake hangekuwemo.

Halafu memori kadi zetu hizi za kawaida hazibebi gemu za mashine hiyo, inataka aina ya microSD Express, na hapa Mwanga sijaiona dukani hata moja. Betri yenyewe wameigandisha kwa gundi kali.

Zile ROG Xbox Ally za Oktoba 2025, nazo za mkononi, nimezitazama na kuziacha. Kubwa yake ilianza dola 999.99. PlayStation Portal, ile ya mkononi ya kuchezea gemu za PS5 kwa mtandao, inahitaji Wi-Fi wakati wote, haina kazi huku.

Kwa hiyo narudi palepale kwenye CD, na ninakuomba hivi. Tafuta PS5 ya kawaida yenye CD, hata iliyotumika. Ile nene ya mwaka 2020 inatosha kabisa, watoto hawatatofautisha picha kwenye TV yetu. Ila ikague kama ningekuwepo. Lete CD yako mwenyewe, iingize, itoe, iingize tena, cheza dakika ishirini usikilize feni. Tazama tundu la HDMI kwa tochi, kama limepinda achana nayo. Muulize kama sehemu ya CD iliwahi kubadilishwa, kwa sababu kwenye zile nene imefungamana na ubao wake, ukiweka ya mashine nyingine haisomi gemu. Akisema ni hii hii nyembamba ambayo sehemu ya CD inapachikwa pembeni, hakikisha imeshatambuana na mashine mbele ya macho yako, ukiwa bado huko kwenye Wi-Fi. Usikubali akuambie mtamalizia Kigoma.

Na hela itakayobaki, hapa ndipo nataka unisikilize kwa moyo mmoja, tutafute Switch ya zamani. Si ya 2017, ile iliyoboreshwa mwaka 2019, ambayo betri yake inafika saa 4 na nusu hadi 9. Ni ya zamani, najua, utasema ninarudi nyuma. Lakini kadi zake nyingi zina gemu ndani, zinaazimika, na usiku umeme ukikatika watoto hawatawanyiki. Mwamini aliponiuliza siku ya TV, umeme ukizima tutakula nini, sikuwa na jibu. Hili naliona ni jibu.

Mgebuka mkavu na dagaa nitakutumia kwa basi Alhamisi, na galoni dogo la mawese, mama amelijaza mwenyewe.

Sasa nijibu. Umeshalipa au hujalipa? Kama umetoa kishika uchumba, anakurudishia au amesema hakirudi? PS5 yenye CD iliyotumika inakwenda kwa bei gani hapo Kariakoo wiki hii, na Switch ya 2019 umewahi kuiona? Yule fundi wa ghorofa ya pili uliyenipeleka bado yupo, anaweza kwenda na wewe kukagua? Kadi za Switch zilizotumika zinapatikana huko au watu wanazing'ang'ania? Na wewe mwenyewe, ukiacha mambo ya kibanda, ungependa ipi? Hukusema kwenye sauti yako, uliongea tu kwa ajili yetu.

Na ile Winning Eleven, Sadiki, nani alibaki nayo? Mimi nimeitafuta kwenye sanduku lote la mama sijaiona. Ni wewe uliondoka nayo Dar?

Wako,
Idrisa